Tumeitwa juri wote wawili, na mtoto tumwache na nani?

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi ni mtu wa Tanga ila naishi Houston, Texas, Marekani, uraia wa huku nimekula kiapo mwaka jana. Juzi zimeingia barua mbili za mahakama, yangu na ya mume wangu, tunaitwa juri, wale watu wa kawaida wanaokaa mahakamani kuamua kesi. Mimi nafanya shifti ya usiku kutunza wazee, mchana nashinda na mwanangu wa miaka mitatu, ndugu hapa hatuna. Jirani kaniambia weka tiki kwamba wewe sio raia watakuacha. Mume wangu ana grini kadi tu, yaani kibali cha kuishi huku bila kuwa raia, lakini anasema bora aende asije akaonekana mkorofi. Tufanyeje? – Mama Rahma

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo jirani msimsikilize hata kidogo, tena nimeshtuka maana ushauri wake ungekutia wewe matatani, na huo wa mumeo ungemtia yeye pabaya zaidi.

Nianze na mumeo. Huko Texas majina ya juri wanayatoa kwenye daftari la wapiga kura na kwenye orodha ya leseni na vitambulisho, ndo maana mwenye grini kadi naye anaitwa, sio kwamba wamemfanya raia. Juri ni ya raia tu. Aweke tiki pale pa "si raia" airudishe, basi, hamna ukorofi hapo. Akijaza kwamba ni raia ili aonekane mtu mwema, hiyo kwa sheria ya uhamiaji ni kudai uraia wa uongo na watu wanarudishwa kwao kwa jambo hilo hilo, sitaki yamkute.

Wewe sasa ni raia, ukisema sio raia jina lako linapelekwa kwa wasajili wa wapiga kura na unaweza kufutwa, uanze kuhangaika kujieleza wakati sababu ya kweli unayo mkononi! Sheria ya Texas inamruhusu mwenye mtoto chini ya miaka 12 kuomba asamehewe kama akienda mtoto atabaki bila mtu wa kumwangalia. Ndo wewe kabisa. Tafuta hicho kipengele kwenye fomu, saini, tuma kabla ya tarehe, na ubaki na kopi.

Ukipata wa kumwachia mtoto basi omba wakusogezee tarehe uende, mi ningependa uende. Kwetu wazee wa baraza wakikaa kwenye kesi wanatoa maoni tu na jaji anaweza kuyaacha, huko kesi kubwa ya jinai watu 12 wa kawaida kama wewe ndo wanaamua mtu ana hatia au hana. Hela ni ndogo, dola 20 siku ya kwanza na 58 kila siku inayofuata, na bosi halazimiki kukulipa siku hizo ila kukufukuza kazi kwa sababu ya juri haruhusiwi.

Halafu usimjazie mumeo fomu yake, najua nyumba nyingi mama ndo mjaza fomu zote. Ajaze mwenyewe, asome kila mstari ndo asaini.