Lehemu, bima na pesa: majibu kwa wasomaji

Nimepimwa, lehemu (kolesteroli, mafuta ya kwenye damu) iko juu. Nikijaza fomu ya bima binafsi niseme au ninyamaze? (Msomaji, Nairobi)

Sema. Najua kishawishi cha kunyamaza, maana bima za watu binafsi Kenya huihesabu lehemu kuwa ugonjwa uliokuwepo kabla ya kujiunga. Utasubiri, mara nyingi mwaka mzima, ndipo ilipiwe, na hata hapo huwa imewekewa kiwango chake cha malipo, kidogo kuliko kile cha kwenye matangazo. Lakini ukificha, siku utakapolazwa kwa ajili ya moyo kampuni itaomba faili lako, itakuta kipimo cha zamani, na inaweza kukataa bili yote. Kama mwajiri wako ana bima ya kikundi, anzia huko. Masharti yake mara nyingi ni mepesi zaidi.

Niko Marekani. Bima inalipia vidonge, lakini imekataa sindano ya lehemu aliyoniandikia daktari. Si ukatili huu? (Msomaji, Minnesota)

Ni ukatili, na chanzo chake ni bei. Sindano za aina hiyo za kushusha lehemu, evolocumab na alirocumab, ziliidhinishwa huko 2015 zikiuzwa kwa zaidi ya dola 14,000 kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja. Kampuni za bima zikajibu kwa makaratasi: kibali kabla ya dawa, ushahidi kwamba vidonge vimeshindwa, fomu juu ya fomu. Wengi walioandikiwa hawakuzipata. Mwaka 2018 bei ikaanza kushushwa, evolocumab ikafika dola 5,850. Dawa ilikuwa ileile. Kwa hiyo ile bei ya kwanza ilipangwa kwa kukadiria soko litavumilia kiasi gani. Mimi nawalaumu watengenezaji kwanza, kisha bima zilizomwachia mgonjwa wa moyo mzigo wa mvutano wao.

Kata rufaa. Sheria ya bima ya afya ya 2010 inakupa haki ya kukata rufaa ndani ya kampuni, na ukishindwa, kwa mkaguzi huru wa nje. Mwombe daktari aandike barua yenye namba: lehemu mbaya, yaani LDL, ilikuwa ngapi, ulitumia vidonge gani, dozi gani, kwa muda gani, na kama umewahi kupata mshtuko wa moyo. Barua ya maneno matupu hukataliwa haraka.

Mjomba anasema lehemu ni ugonjwa uliobuniwa na kampuni za dawa. Ni kweli? (Msomaji, Morogoro)

Mjomba ana sababu ya kushuku. Mwaka 2004 Marekani ilishusha viwango vya lehemu vinavyolengwa kwa walio hatarini, na kati ya wataalamu tisa walioandika mwongozo huo, wanane walikuwa na uhusiano wa kifedha na watengenezaji wa dawa za kushusha lehemu. Aibu ile bado inaitafuna imani ya watu.

Ila lehemu mbaya huziba mishipa kweli. Zipo familia zinazorithi lehemu ya juu, na vijana wao hupata mshtuko wa moyo mapema. Hilo halikubuniwa na kampuni yoyote. Statini ya kwanza, yaani dawa ya kundi linalotumika sana kushusha lehemu, iligunduliwa kwenye kuvu miaka ya 1970 na Mjapani Akira Endo, ambaye hakupata mgawo wa faida kubwa iliyofuata. Hataza (haki ya kuitengeneza peke yake) ya Lipitor, statini iliyouzwa sana, iliisha Marekani mwaka 2011, na leo dawa hiyohiyo, atorvastatin, inatengenezwa na viwanda vingi kwa bei ndogo. Kama mjomba ameandikiwa, asiache kwa hasira.

Hospitali inanipima lehemu kila mwezi. Ni lazima? (Msomaji, Dar es Salaam)

Kwa kawaida, hapana. Ukianza dawa au ukibadilishiwa dozi, kipimo hurudiwa baada ya wiki 4 hadi 12, kisha kila miezi 3 hadi 12. Hospitali inayolipwa kwa kila kipimo ina sababu ya kupima zaidi. Muulize daktari kwa heshima: majibu haya yatabadilisha nini kwenye matibabu yangu? Akikosa jibu la kueleweka, una haki ya kukataa, hata kama bima ndiyo inayolipa. Kwenye bima nyingi binafsi kila shilingi ya kipimo hicho inakatwa kwenye kiwango chako cha mwaka.