Usingoje mama ashindwe kumeza kabisa

Dada uliyeuliza kama mkubali mama, mwenye ugonjwa wa neva za misuli kama wa babangu, atiwe mrija wa chakula tumboni, na wajomba wanasema huko ni kumkatia tamaa, nakujibu kwa yaliyotupata na marehemu babangu hapa Lamu.

Baba alianza kupaliwa na maji kabla ya chakula. Uji mzito ulipita, lakini kahawa ya barazani ilimrudia puani. Zahanati moja ikampa dawa ya kikohozi miezi miwili. Mombasa ndiko tulikoambiwa kwamba neva zinazoendesha misuli zinakufa, na misuli ya koo ni miongoni mwake. Daktari akashauri mrija mapema. Tukakataa, maana tuliona ni wa mtu aliyefika mwisho, na baba alikuwa bado anakula.

Hapo ndipo tulipokosea. Ugonjwa huu unadhoofisha pia misuli ya kupumua. Ili kutia mrija, kamera hupitishwa kinywani hadi tumboni, kisha hutobolewa tundu dogo kwenye ngozi ya tumbo, na mgonjwa huwa amepewa dawa ya kumtuliza. Pumzi ikishachoka, kazi hiyo huwa ya hatari. Kwa hiyo madaktari hupima pumzi, na hupendelea isiwe imeshuka chini ya nusu ya kawaida. Uzito nao uangalie: akipungua asilimia 10, usingoje tena. Baba alikuwa na kilo 72. Tulipovuka kwenda Mokowe kwa safari ya pili alikuwa na 61, nikamteremsha botini mikononi mwangu kama mtoto.

Alitiwa, alhamdulillahi, na nyumbani kazi ikawa yetu. Anaketishwa wima anapolishwa, na anabaki hivyo nusu saa hadi saa nzima baadaye. Maji safi yanapita mrijani kabla na baada ya kila mlo na kila dawa. Siku moja nilisaga samaki, viazi na tui, nikaona vimelainika, sikuchuja. Mrija ukaziba. Nilitia maji ya uvuguvugu kwa bomba la sindano, nikisukuma na kuvuta taratibu, jasho linanitiririka, baba ananitazama tu. Tangu siku hiyo nilichuja mara mbili, mara ya pili kwa kitambaa cha melimeli. Ukiweza kupata maziwa maalumu ya hospitali, yana usumbufu mdogo zaidi.

Mrija ukichomoka, tundu huanza kujifunga ndani ya saa chache. Usiurudishe mwenyewe, hasa wiki za mwanzo. Nenda hospitali saa hiyohiyo, na kwa sisi wa kisiwani, namba ya mwenye boti iwe karibu hata usiku wa manane.

Waambie wajomba ukweli wote. Mrija hauponyi, na mate bado yanaweza kumpalia. Lakini mlo uliokuwa saa moja na nusu ya kukohoa na hofu, kwetu ulikuwa dakika ishirini, na dawa zake zilifika tumboni. Wala mdomo haufungwi: muulizeni daktari wake anachoweza kuonja salama. Baba aliruhusiwa kidogo. Jioni ya Idi mama yangu alimpaka tui la samaki wa kupaka kwenye ulimi, ncha ya kijiko tu. Akafumba macho, akakaa nalo muda mrefu, kisha akanyoosha kidole kwenye sufuria.