Jibu: kocha mmoja anatosha timu ya magongo ya chuo?

Mkuu umeuliza kama timu ya magongo ya chuo chenu hapo Nyegezi inaweza kwenda na kocha mmoja, inaweza ila mtateseka. Kocha wa pili mpe makipa na penalti kona (pigo la adhabu ambalo wapinzani wanaanzishia kwenye mstari wa goli lenu), maana pale mnalinda goli watu watano tu pamoja na kipa, wengine wote wanarudi katikati, sasa kama hamjapanga nani anachomoka kumfuata mpigaji mtafungwa kila mechi. Meneja naye awepo asimamie sub, hazina kikomo na zinaingia muda wowote robo zote nne, ila penalti kona ikishatolewa mnasubiri imalizike kwanza. Na jamani mtu wa huduma ya kwanza mwenye barafu, viwanja vyetu hivi vyenye mawe madogo madogo mpira unaruka ghafla unampata mtu kwenye goti, hapo msibane hela kabisa.