Mzazi mwenzako kabla ya mtoto kurudi nyumbani

Dada, umeuliza kama ukubali kukutanishwa na mzazi aliyepitia hali kama yako kabla mwanao, anayepumua kwa mrija wa shingoni na kulishwa kwa mrija wa tumboni, hajaruhusiwa kurudi nyumbani. Kubali, tena mapema, wakati bado una wauguzi karibu wa kuwauliza kuhusu yale utakayoyasikia kwake.

Wauguzi watakufundisha kufyonza makohozi kwa mashine na kubadilisha mrija wa shingoni. Mzazi huyo aliyepitia hali kama yako atakueleza jinsi anavyopanga zamu za usiku ili asikeshe peke yake, na kwa nini mkoba wa dharura, wenye mrija wa akiba wa saizi ileile na mwingine mdogo zaidi, hauachani na mtoto hata anapohamishwa kutoka chumba kimoja hadi kingine. Mwulize pia usiku wa kwanza ulikuwaje, maana hofu ya kusikia kengele ya mashine ikilia bila muuguzi wa kumwita ni jambo ambalo wengi hulificha. (Utaratibu huu wa kuwakutanisha wazazi si mgeni: mpango wa Pilot Parents ulianza Omaha, Marekani, mwaka 1971, ukiwaunganisha wazazi wa watoto wenye ulemavu.)

Usichukue kwake vipimo vya dawa, kwa kuwa watoto wawili wenye ugonjwa mmoja huweza kuhitaji matibabu tofauti kabisa. Na kama mazungumzo yake yanakuzidishia hofu, una haki ya kuomba mzazi mwingine. Mwambie muuguzi waziwazi. Baba wa mtoto, kama yupo, naye atafutiwe baba mwenzake wa kuzungumza naye.