Mkitoka Mombasa, anzeni na baridi

Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: maharusi wenye gari lao na siku kumi mkononi, wanaotaka kuona miji, milima na pwani kwa safari moja, waipange vipi fungate yao? Mimi na mume wangu tulisafiri hivyo mwaka juzi tukitokea Mombasa, kwa hiyo najibu kwa yale niliyoyaona. Anzeni na milima, malizieni na bahari, na msikubali siku yoyote iwe na zaidi ya saa tano za usukani.

Nianze na neno lenyewe. Kwetu fungate ni siku saba. Bwana na bibi harusi hukaa ndani, chakula huletwa mlangoni, na somo, yule mama anayemfunda bibi harusi, huingia na kutoka kuangalia kama mambo yanakwenda. Nilipomwambia somo wangu kwamba tunataka kusafiri siku ya pili ya harusi, aliweka chetezo chini akanitazama kwa muda. "Mwanangu, fungate ni ya kukaa. Hujamjua huyu mtu akiwa ametulia, utamjuaje akiwa kwenye usukani?" Nilinyamaza. Tulikaa siku zetu saba zote ndipo tukaondoka, na ninawasihi wenye nafasi wafanye hivyo hivyo. Harusi zetu zina makesha, zina wageni wa kulala, zina kusimama mpaka miguu inavimba. Mtu aliyetoka humo asipewe ufunguo wa gari kesho yake.

Neno la somo ndilo lililotupangia safari nzima. Badala ya kuhesabu miji tunayoweza kuifikia, tulihesabu siku za kukaa: Wundanyi kwenye milima ya Taita mbili, Marangu chini ya Kilimanjaro mbili, Lushoto kwenye milima ya Usambara tatu, Tanga moja, Pangani mbili. Kwenye ramani ni duara. Unatoka Mombasa kwa barabara ya Voi, unavuka mpaka Taveta, unashuka kwa Same na Mombo, unaingia Tanga, kisha unarudi Kenya kwa Horohoro na Lunga Lunga. Ukiacha vipande vya kupanda na kushuka mlima, na kile cha kwenda Pangani na kurudi, hurudii njia uliyopita.

Karibu kila aliyetushauri alisema tuanze pwani, Diani, kwa kuwa ni karibu. Nafahamu nia yao ilikuwa njema, lakini mtu wa Mombasa bahari anayo kila siku. Asichokuwa nacho ni baridi. Kwetu unalala feni ikizunguka, kila mmoja upande wake wa kitanda kwa joto. Mlimani mnagombania blanketi moja, mnakoka moto, mnakaa mnazungumza kwa sababu nje hakutokeki. Watu waliooana juzi wanahitaji hicho kwanza. Bahari nayo, ukiifikia mwisho huku umetoka milimani, unaiona upya.

Siku ya kwanza tuliondoka baada ya sala ya alfajiri. Barabara ya Nairobi ni ya trela, na ukichelewa kutoka utajikuta Mariakani nyuma ya msururu wa makontena yaliyotoka bandarini, unatafuta upenyo wa kupita ambao haupo. Mackinnon Road tulisimama kwenye msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah, aliyefanya kazi kwenye ujenzi wa reli. Madereva wengi wa njia hii hawapiti pale bila kuomba dua, nasi tuliomba. Voi ni kama kilomita 150. Hapo unakata kushoto, na ukifika Mwatate kwenye mashamba ya mkonge unakata kulia kupanda Wundanyi. Vioo tulivyovishusha kwa joto la Taru tulivipandisha kimoja kimoja, na kona ya mwisho kabla ya mji nilikuwa nimejifunga leso mbili mabegani. Wundanyi hakuna mengi ya kufanya, na ndio uzuri wake. Tulilala. Tulikula kimanga, chakula cha Wataita cha kupondwa. Siku ya pili tuliamka saa nne asubuhi, jambo ambalo sikuwahi kulifanya nyumbani kwetu.

Njia ya kutoka Mwatate kwenda Taveta sasa ni lami safi, ila inapita kwenye nchi ya ndovu, pembeni mwa Tsavo Magharibi. Msiipite usiku hata kama mnaona mmebakisha kidogo.

Sasa makaratasi, maana hapa ndipo tuliumia. Kitambulisho cha Kenya peke yake hakikuingizi Tanzania. Chukueni pasipoti, au kibali cha muda cha kusafiria. Gari linahitaji logbuku halisi, ile ambayo wenzetu wa Tanzania huiita kadi ya gari, na bima ya COMESA, ile ya gari linalovuka mpaka. Bima hiyo huitwa kadi ya njano, na msiichanganye na cheti cha njano cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho nacho mnaweza kuulizwa. Sindano huhesabiwa kuwa imeanza kufanya kazi baada ya siku 10, kwa hiyo mwende kuchanjwa kabla ya shughuli za harusi hazijawameza. Pembetatu mbili za tahadhari na mtungi wa kuzimia moto viwe ndani ya gari, na mtungi uwe haujapitwa na tarehe.

Gari letu lilinunuliwa kwa mkopo, na logbuku ilikuwa na majina mawili, la mume wangu na la mkopeshaji. Ikiwa na lenu ni hivyo, lazima mkopeshaji awape barua ya kuruhusu gari kutoka nchini. Tuliiomba wiki tatu mapema, tukapewa, tukaitia kwenye bahasha bila kuisoma. Afisa wa Holili, upande wa Tanzania wa mpaka wa Taveta, aliisoma. Namba ya gari ilikuwa imekosewa herufi moja ya mwisho, palipotakiwa D pameandikwa B. Tulikaa saa nne kwenye benchi tukipiga simu Mombasa mpaka barua nyingine ikaandikwa, ikatumwa kwa simu na kuchapishwa kwenye duka la jirani. Nilikuwa na hasira mpaka nikaogopa kufungua mdomo. Mume wangu alinunua ndizi mbivu, akamenya moja, akanipa nusu bila kusema kitu. Nikamkumbuka somo. Huyu mtu nilikuwa namwona akiwa ametulia. Basi, someni barua zenu herufi kwa herufi, na mkishapewa kibali cha muda cha gari kitunzeni vizuri, mtakihitaji siku ya kutoka Horohoro.

Tuliingia Marangu jioni, mlima umefunikwa wote. Sikuwa na habari kwamba Kilimanjaro unaweza kulala chini yake usiuone. Alfajiri mume wangu alifungua mlango, akasimama pale kizingitini, akasema neno moja tu: "Baridi." Nilipotoka nikauona, mweupe juu, mita 5,895, mkubwa kuliko nilivyoweza kuufikiria.

Neno lile lina historia. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alitoka Rabai, hapo hapo jirani na Mombasa, akapita Taita kama tulivyopita sisi. Msafara wake uliongozwa na Mswahili aitwaye Bwana Kheri. Tarehe 11 Mei aliona kitu cheupe kwenye kilele akadhani ni wingu, na alipomuuliza mwongozi wake ni nini kile, alijibiwa kwamba ni baridi. Rebmann alipoandika Ulaya kuwa kuna theluji karibu na ikweta, wako wataalamu wa London waliokataa kuamini kwa miaka kadhaa. Watu wa misafara ya pwani walikuwa wanaujua mlima huo na wana jina la kile kilicho juu yake. Mtoto wa Mombasa anayefunga safari hii ajue kwamba anafuata nyayo za watu wa kwao.

Msiingie tamaa ya kuupanda. Njia ya Marangu peke yake ni siku tano au sita za jasho, si kazi ya fungate. Amkeni mapema muutazame kabla mawingu hayajarudi, halafu mtembee kwa miguu kwenye vihamba, yale mashamba ya nyumbani ya Wachaga, kahawa ikiwa chini ya kivuli cha migomba na maji ya mfongo, mfereji wao, yakipita pembeni ya njia. Mtori wa asubuhi, supu nzito ya ndizi yenye nyama, ulitutosha mpaka alasiri. Mji wa Moshi tuliupitia nusu siku, tukanunua kahawa ya kuwapelekea nyumbani.

Siku ya kwenda Lushoto ndiyo ndefu kuliko zote. Kutoka Himo kushuka mpaka Mombo una milima ya Upare mkono wa kushoto na jua usoni, na kila kijiji kina kibao cha 50. Kiheshimuni, maana askari wa barabarani wako macho. Mombo unakata kushoto na kuanza kupanda. Ni kama kilomita 33 tu lakini hesabuni saa nzima na zaidi, kona baada ya kona, ukuta wa mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili. Malori ya mboga yanashuka na kabeji na karoti kwenda masokoni, na wenyeji hupiga honi kabla ya kila kona. Nasi tukajifunza. Soni tulisimama kuangalia maporomoko ya maji na kununua mapichi kwenye ndoo ndogo.

Mkinambia nichague sehemu moja ya safari yote, nitachagua Lushoto. Wajerumani waliuita Wilhelmstal walipoutawala, na nyumba zao kadhaa bado zipo. Walilichukua na ua: dogo, la zambarau, majani yake kama yamevaa mahameli. Mwaka 1892 mtawala wao wa Usambara, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka mbegu zake Ujerumani, na leo linaoteshwa kwenye vyungu vya madirishani dunia nzima. Sisi tulionyeshwa moja limejificha kwenye ufa wa jiwe lenye unyevu, na mtembezaji wetu, kijana wa Kishambaa, alituomba tusiliguse. Siku ya tatu tulitembea mpaka Irente, mahali mlima unapokatika ghafla na Mazinde inaonekana kule chini, mashamba na barabara kama vimechorwa. Tulikaa pale zaidi ya saa mbili. Tulizungumza kuhusu watoto, na kuhusu mama yake anayeumwa, na kuhusu nani atashika pesa za nyumba. Nyumbani, na wageni wale wote, tusingepata nafasi ya maneno hayo.

Wakati wa kwenda ni muhimu. Masika ya Machi hadi Mei hufanya njia za milimani kuwa tope na utelezi. Juni na Julai ni kavu zaidi, ila Lushoto ina baridi ya kweli, si ile ya kuvaa leso. Chukueni sweta nzito, na soksi.

Kushuka ndiko kunakohitaji akili. Mume wangu alizoea barabara tambarare, akawa anakanyaga breki kila kona. Kabla ya Soni harufu ya kuungua ikaingia ndani ya gari na pedali ikaanza kulegea. Tulisimama pembeni, tukaweka mawe nyuma na mbele ya matairi, tukasubiri karibu nusu saa bila kumwagia breki maji. Dereva mmoja wa lori alisimama kutuuliza, akamwambia, "Kaka, gia uliyopandia ndiyo ya kushukia." Tulishuka na gia ya pili mpaka Mombo na harufu haikurudi.

Tanga tulilala kwa shangazi yake mume wangu, mtaa wa Ngamiani. Nilimwamkia shikamoo, akanishika mikono miwili, akaitikia marahaba, akaniuliza jina la mama yangu na la bibi yangu. Familia za pwani hii zimeoleana huku na huku tangu kabla ya mpaka kuwekwa, na maharusi wakipita mji wenye jamaa bila kuingia wanaumiza watu. Panga siku moja ya jamaa, usiipunguze.

Pangani tulikuwa tumeichagua kwa mwezi. Tulihesabu siku ili tufike wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, maana fungu la mchanga la Maziwe huzama maji yakijaa na huwezi kulikanyaga saa yoyote unayotaka. Mvuvi alitupeleka kwa mashua asubuhi na kuturudisha kabla maji hayajageuka. Mji wenyewe ni wa kutembea polepole, mtoni na kwenye nyumba kuukuu. Hapa ndipo Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani, alinyongwa mwaka 1889. Siku nyingine yote tulikuwa majini.

Siku ya kurudi tulivuka Horohoro saa tatu asubuhi, makaratasi yote yakiwa sawa. Msambweni tulinunua maembe, Diani tuliipita, na badala ya kupanga foleni ya feri ya Likoni tukashika barabara mpya ya Dongo Kundu. Kwenye daraja la Mteza upepo wa bahari uliingia kwa dirisha, wenye chumvi na joto. Mume wangu alinitazama akaniuliza kama nimechoka. Nikamwambia apunguze mwendo, maana nilikuwa bado nimevaa sweta.