Mafuta huoza, risasi haiozi: wasomaji wanauliza kuhusu viwanja vilivyochafuliwa

SWALI: Nimenunua kiwanja Majengo, Moshi, mita 20 kwa 30. Kwa miaka mingi kilikuwa gereji, na pembeni alikaa fundi wa betri. Udongo wa mbele ni mweusi na unanuka oili. Fundi wangu anasema tupakie kwenye tipa tukaumwage mbali, au tufunike na moramu tujenge. Nyuma nataka bustani ya mchicha. Nifuate lipi? – Mama wa watoto watatu, Majengo

JIBU: Yote mawili yaache kwanza, mama. Udongo ukiondoka na tipa bila kibali, mara nyingi huishia kujazia uwanja wa mtu mwingine, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inamtaka mchafuzi alipe gharama za uchafu wake. Kibali cha kusafirisha taka hatarishi huombwa NEMC, baraza la taifa la mazingira. Moramu nayo haizuii harufu ya petroli: mvuke hupanda na kuingia ndani kupitia nyufa za sakafu.

Kabla ya sululu, uliza. Majirani wa zamani watakuonyesha shimo la kukagulia magari lilipokuwa, oili ilikomwagwa, betri zilikopasuliwa, na kama kuna tangi lililofukiwa. Chora ramani ya mkono uweke alama. Hizo alama ndizo zitakazokuokoa na gharama ya kupima kiwanja kizima.

Chukua sampuli kwenye kila alama kwa vina vitatu: sentimita 0 hadi 15, 30 hadi 50, na mita 1. Ongeza moja au mbili kutoka sehemu safi nje ya kiwanja. Usiiache hiyo, kwa sababu udongo wa volkano wa Kilimanjaro una madini yake ya asili, na bila sampuli ya kulinganisha unaweza kuilaumu gereji kwa kitu kilichotoka mlimani. Udongo wa kupima mafuta uweke kwenye chupa ya kioo iliyojazwa hadi mdomoni, kwenye boksi la barafu, kwani petroli huruka njiani na majibu yakaja ya uongo. Wa kupima metali unatosha mfuko safi wa plastiki. Osha chepe kila unapohama shimo. Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali, Kanda ya Kaskazini, ipo Arusha. Wapigie kwanza kujua wanapima nini na wanataka udongo kiasi gani. Omba jumla ya mafuta (maabara huiita TPH), risasi (metali ya kwenye betri, si ya bunduki), kadimiamu, zinki na pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo.

Majibu yakija, soma safu ya risasi kwanza. Mafuta vijidudu huyala, lakini risasi haina anayeila. Ukianza kugeuza udongo wenye risasi ili kuozesha mafuta, unatengeneza vumbi la risasi, na vumbi ndilo linaloingia kwa watoto, kupitia mikono na midomo. Kwa kulinganisha tu, mwaka 2024 Marekani ilishusha kiwango cha tahadhari cha risasi kwenye udongo wa makazi kutoka miligramu 400 kwa kilo hadi 200. Kanuni za Tanzania za viwango vya ubora wa udongo ni za mwaka 2007. Waulize NEMC kiwango kinachohusu makazi.

Sehemu yenye mafuta pekee inaweza kutibiwa hapohapo. Tuseme umechimba mita za ujazo 10, yaani karibu tani 15, na mafuta ni asilimia 1. Hapo kuna kilo 150 za mafuta. Tandika turubai zito lisilovuja, mita 4 kwa 10, kwenye mteremko mdogo, lizungushie tuta la sentimita 30, kisha sambaza udongo kwa unene wa sentimita 30. Changanya maganda ya kahawa yaliyooza au samadi, ndoo 1 kwa ndoo 9 za udongo, ili hewa ipite. Vijidudu wanahitaji naitrojeni na fosforasi kwa uwiano wa kaboni 100, naitrojeni 10, fosforasi 1. Kwa mafuta hayo ni kama kilo 25 za yurea na kilo 6.5 za DAP, ila usimwage zote siku moja: yurea nyingi hutoa amonia na kuwaua haohao unaowalisha. Gawa mara nne, mwezi hadi mwezi.

Geuza kwa chepe kila baada ya wiki mbili. Unyevu upime kwa ngumi: udongo ushikane bila kudondosha maji. Wakati wa masika funika, maana bwawa la maji hukata hewa na kazi inasimama. Juni na Julai kwa baridi ya Moshi itakwenda polepole, usishangae. Pima tena kila miezi mitatu. Dizeli hupungua ndani ya miezi, lakini oili chafu ya injini ina sehemu nzito zinazoweza kugoma hata baada ya mwaka. Kuku wasikanyage hapo. Na usimwage sabuni ya unga ukidhani unasafisha. Sabuni inayayeyusha mafuta na kuyashusha kwenye maji ya chini.

Upande wa betri ni habari nyingine. Lowesha kabla ya kuchimba, mfanyakazi avae barakoa ya P3, ile inayochuja vumbi laini, na aache nguo za kazi palepale. Vipande vya sahani za betri na unga wa kijivu viokotwe viwekwe kwenye pipa lenye mfuniko. Udongo ukiwa na tindikali, chokaa ya kilimo ikipandisha pH hadi kati ya 6.5 na 7 hupunguza risasi kuhama na maji, ingawa haiiondoi. Risasi ikiwa nyingi, udongo utolewe na kampuni yenye kibali. Ikiwa ya wastani, funika: wavu wa plastiki wa rangi kali kama alama kwa atakayechimba baadaye, kisha udongo safi sentimita 50 au zege. Mimi ningeweka maegesho ya gari hapo.

Mchicha weka kwenye tuta la juu la sentimita 45, udongo wa kuletwa, chini nailoni yenye matundu ya kutoa maji. Mboga za majani hubeba vumbi la udongo kuliko nyanya au biringanya.

SWALI: Kisima chetu kiko karibu na kiwanda cha ngozi kilichofungwa. Maabara imetoa floraidi 4.2 na kromiamu 0.03, zote miligramu kwa lita. Kiwanda ndicho kilichotuchafulia? – Msomaji, Moshi

JIBU: Floraidi haikutoka kiwandani, inatokana na miamba ya volkano, na imezoeleka Arusha na Kilimanjaro. Lakini 4.2 ni juu ya kikomo cha 1.5, na watoto wataonyesha kwenye meno. Kuna vichujio vya mkaa wa mifupa, na kituo cha utafiti cha Ngurdoto kinashughulika na jambo hilohilo.

Kromiamu yenu iko chini ya kikomo cha 0.05. Ombeni bado kipimo cha kromiamu ya sita peke yake, kwani kromiamu ina sura mbili kuu, ya tatu na ya sita. Viwanda vya ngozi hutumia ya tatu, inayong'ang'ania udongo na yenye sumu ndogo. Ya sita ndiyo inayotembea na maji na kusababisha saratani. Njia mojawapo ya hatari ya kuizalisha ni kuchoma mabaki ya ngozi kwenye tanuri la tofali: kwa joto hilo kromiamu ya tatu hugeuka ya sita ndani ya jivu. Zuieni hilo kijijini hata kama kisima ni safi. Ikipatikana ya sita, wataalamu huirudisha kuwa ya tatu kwa feri salfeti, au kwa molasi inayolisha bakteria ardhini. Molasi tunayo, kiwanda cha sukari cha TPC si mbali, lakini dozi na mashimo ya kuingizia si kazi ya mwenye kisima. Nendeni kwanza Bodi ya Maji Bonde la Pangani.

SWALI: Ghala nililorithi Unga Limited lina paa la mabati ya asbesto. Nivunje vipi? – Msomaji, Arusha

JIBU: Usivunje. Lowesha, fungua skrubu moja moja, shusha bati zima, lifunge kwa nailoni nzito tabaka mbili na uliandike "asbesto". Hakuna msumeno, hakuna kufagia makavu. Barakoa ya kitambaa haizuii nyuzi za asbesto. Kwangua pia sentimita chache za udongo ulio chini ya mdomo wa paa, mahali maji ya mvua yalipodondokea miaka yote, uufunge pamoja na bati.