Re: Sarafu ya Athens yenye bundi, ninunue au niache?

Mkuu nimekusoma, umepata sarafu ya fedha ya Athens, bundi kasimama juu ya mtungi, gramu 14, na muuzaji anakwambia ni ya enzi za Pericles, yule kiongozi wa Athens ya kale, na hela anaitaka leo leo. Usitume kitu kwanza. Huyo bundi wa juu ya mtungi ni wa toleo jipya lililoanza karne ya 2 KK, Pericles alikufa 429 KK, kwa hiyo maelezo yake hayakai. Na tetradrakma hizi, yaani sarafu za fedha za drakma nne, huwa karibu gramu 16 na nusu hadi 17, 14 ni ndogo mno.

Omba picha ya ukingo, ukiona mstari wa kalibu umezunguka pembeni ujue imemiminwa, za kweli ziligongwa kwa nyundo. Angalia mtungi, kwa kawaida una herufi ya Kigiriki ya mwezi, pembeni majina ya maofisa, aisee hiyo ndo sehemu naipenda kuliko zote, sarafu inakutajia hadi mwezi iliyotengenezwa!

Halafu dai karatasi za umiliki, sheria ya Ugiriki inalinda vitu vya kale na ya magendo unaweza kunyang'anywa. Kabla ya kulipa, mtaalamu wa sarafu za kale aishike mkononi.